Mtakatifu Fransisko wa Sales na Kazi Isiyobaki Sandukuni

Kila tarehe 24 Januari tunamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Papa Pio XI alimtangaza msimamizi wa waandishi mwaka 1923. Sisi wenye makala na mashairi yaliyoishia katikati ya daftari tuna mengi ya kujifunza kwake.

Alizaliwa Savoy mwaka 1567, akasoma sheria Padua, akapata upadre mwaka 1593. Mwaka uliofuata alitumwa Chablais, ambako wengi walikuwa Wakalvini na wachache tu walithubutu kwenda kumsikiliza. Hakungoja kanisa lijae. Aliandika mafundisho mafupi kwenye karatasi, zikasambazwa, nyingine zikipenyezwa chini ya milango.

Baadaye, akiwa Askofu wa Geneva mwenye shughuli nyingi, alimwandikia mama mmoja wa familia, Louise de Charmoisy, mawaidha ya maisha ya kiroho. Mama huyo alimwonyesha padre Mjesuiti, naye akamhimiza askofu ayachapishe. Fransisko akayapanga upya, na mwaka 1609 kikatoka kitabu chake, Utangulizi wa Maisha ya Ibada. Aliendelea kukisahihisha hadi toleo la 1619, miaka 3 kabla ya kifo chake.

Basi nasi tuanze na kurasa chache, kwa msomaji tunayemjua. Tumpe mwenzetu asome, tupokee masahihisho yake, kisha tuitoe kazi. Yatakayoonekana baadaye tutayarekebisha katika toleo lijalo.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, utuombee.