KENNETH IVERSON: MTOTO WA SHAMBA ALIYEIPA TARAKILISHI SARUFI

Wengi wetu hudhani kwamba vitenzi na vielezi ni mambo ya mtihani wa Kiswahili tu. La hasha! Kuna bwana mmoja aliyevipeleka hadi ndani ya tarakilishi.

Kenneth Iverson alizaliwa tarehe 17 Desemba 1920 huko Camrose, Alberta, nchini Kanada. Alipomaliza darasa la tisa aliacha shule. Zilikuwa nyakati za ukata mkubwa na kazi ya shambani ilikuwa tele. Tena alidhani kusoma zaidi kungemfanya awe mwalimu tu, na ualimu hakuutaka (walimu wetu, mtusamehe!). Hata hivyo hakutupa vitabu. Akiwa na miaka 17 alisomea mambo ya redio kwa njia ya posta, na hesabu ngumu akajifundisha mwenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshini, na huko huko akaendelea na masomo ya sekondari kwa posta. Baada ya vita alijiunga na Chuo Kikuu cha Queen's, kisha Harvard huko Marekani, alikopata shahada ya uzamifu mwaka wa 1954.

Kumbe ualimu ulikuwa ukimngoja! Akifundisha Harvard aliona kwamba alama za kawaida za hesabu hazikutosha kueleza kazi za tarakilishi, basi akabuni zake. Chuo hakikumpa kazi ya kudumu, akahamia kampuni ya IBM mwaka wa 1960. Mwaka wa 1962 alitoa kitabu A Programming Language, na herufi za kwanza za maneno hayo zikawa jina la lugha: APL. Wenzake waliitia lugha hiyo kwenye mashine mwaka wa 1966.

Uhodari wake ulikuwa kwenye orodha. Tuseme una alama 4, 7 na 9. Katika lugha nyingi za wakati huo ilibidi uielekeze mashine hatua kwa hatua: chukua ya kwanza, ongeza ya pili, rudi, chukua nyingine. Iverson aliandika +/ 4 7 9 na jibu likaja: 20. Hata namba zikiwa elfu moja, ni vivyo hivyo. Si mchezo!

Lakini alama nyingi za APL zilikuwa ngeni na hazikuwemo kwenye kibodi za kawaida. Mwaka wa 1990 yeye na Roger Hui walianzisha lugha ya J, inayotumia alama za kibodi ya kawaida. Humo majina yalitoka kwenye sarufi. Orodha ni nomino. Kujumlisha, kugeuza na kuchukua ni vitenzi. Ule mkwaju (/) ni kielezi, kwa maana unaeleza jinsi kitenzi kitakavyotenda: kiingie kati ya kila namba na mwenzake. Alama nyingine huunga vitenzi viwili, nazo ni viunganishi. Mwanafunzi hakuhitaji kukariri majina mageni. Aliyajua tangu shule ya msingi.

Iverson alipewa Tuzo ya Turing mwaka wa 1979, akafariki tarehe 19 Oktoba 2004 mjini Toronto, akiwa na miaka 83.

Wanachama wenzangu, nasi tunahitaji istilahi mpya za Kiswahili kila uchao. Tusitafute neno la kutisha watu. Tutafute lile ambalo mwanafunzi akilisikia, nusu ya somo ameshaielewa. Nawe uliyekatiziwa masomo na ukata, usikate tamaa: elimu haina mwisho.