Mtakatifu Josefina Bakhita: Yaya Aliyetetewa na Sheria

Kila mwaka tarehe 8 Februari Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Josefina Bakhita, binti wa Sudan aliyetoka utumwani akawa mtawa. Wengi wetu twamfahamu kwa mateso yake na kwa moyo wake wa kusamehe. Upande mmoja wa maisha yake husimuliwa mara chache: alikuwa yaya katika nyumba ya watu, na uhuru wake ulithibitishwa kwa njia ya sheria. Upande huo unazigusa familia zetu za Igamba na Songwe yote, hasa zile zinazoishi na wasaidizi wa kazi za nyumbani.

Bakhita alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akauzwa na kuuzwa tena. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Katika nyumba ya afisa mmoja wa jeshi alichanjwa mwili kwa wembe, na majeraha yake yakasuguliwa chumvi.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa ubalozi wa Italia, ambaye hakumtesa. Mwaka 1885 alifika Italia pamoja naye, na huko akakabidhiwa kwa familia ya Augusto Michieli. Mtoto wa familia hiyo, Mimmina, alipozaliwa, Bakhita akawa yaya wake, nao wakapendana sana. Katika nyumba hiyo alitendewa kwa upole. Hata hivyo, alikuwa amepewa kama zawadi, na familia iliendelea kumhesabu kuwa wake.

Michieli alipopata hoteli huko Suakin, pwani ya Bahari ya Shamu, mkewe Turina alimfuata, akawaacha Bakhita na Mimmina kwa Masista Wakanosa mjini Venezia. Hapo Bakhita alianza kufundishwa imani. Turina aliporudi kuwachukua, yaya huyo mpole alikataa kuondoka. Bibi alishikilia kwamba ana haki juu yake. Mkuu wa nyumba ya masista akalifikisha shauri kwa wakuu, na Kardinali Domenico Agostini, Patriaki wa Venezia, akashiriki pamoja na mwanasheria wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haikuutambua utumwa. Bakhita alikuwa mtu huru, mwenye umri wa kujiamulia. Alichagua kubaki, ingawa kuachana na Mimmina kulimwumiza sana.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Mwaka 1896 aliweka nadhiri, na tangu mwaka 1902 aliishi Schio, akiwa mpishi, mtunza sakristia na bawabu, hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Tangu mwaka 2015, sikukuu yake ni pia siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu, nia inayotuhusu sana sisi tulio jirani na mpaka wa Tunduma.

Wapendwa waamini, tuitazame nyumba ya Michieli kwa makini, kwa kuwa inafanana na nyingi za kwetu. Twasema dada wa kazi ni kama mtoto wetu: anakula nasi na anasali nasi. Ni vema. Lakini upendo haulipi mshahara ambao haujalipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyetimiza umri huo, akiwa bado mtoto, aruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Mfanyakazi ana haki ya kupewa masharti ya kazi kwa maandishi, kulipwa kwa wakati, kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki, na kupata likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumfukuza.

Mzazi anayempeleka binti yake mjini kwa ndugu au kwa mgeni anapaswa kujua anakwenda kufanya nini, atalipwa kiasi gani, na atarudije akitaka kurudi. Mwajiri naye ajiulize: dada huyu akisema kesho kwamba anaondoka, je, nitamlipa haki yake na kumwacha aende kwa amani? Jibu la swali hilo litaonyesha kama anaishi kwetu akiwa mtu huru.

Mtakatifu Josefina Bakhita, utuombee.