Dennis Ritchie na mnyororo ulio ndani ya simu yako

Kwenye vibanda vya Butembo na Beni, mahali vijana wanafungua simu zilizogoma na kuzitia programu upya, jina la Dennis Ritchie halisikiki. Lakini kila simu ya Android inayopita juu ya meza zao iko na lugha aliyoitengeneza yeye: C.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Bronxville, jimbo la New York, Marekani. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mtaalamu katika maabara ya Bell, na mwana naye akaingia kule kule mwaka wa 1967. Alisoma fizikia na hesabu Harvard. Kitabu cha udaktari alimaliza kukiandika, ila nakala iliyojalidiwa ambayo shule ilidai hakuipeleka, basi digrii hakupata. Mzazi wa huku anayelipa minerval kwa jasho angeshika kichwa.

Mwaka 1969 mwenzake Ken Thompson alianza mfumo wa Unix. Wakati ule, mara nyingi mfumo kama huo uliandikwa kwa lugha ya ordinatere moja tu. Ukipata nyingine, unaanza upya. Ritchie akachukua B, lugha ndogo ya Thompson, akaikuza kati ya 1971 na 1973 mpaka ikawa C. Mwaka 1972 Thompson alijaribu kuandika Unix kwa C iliyokuwa bado changa, akaacha, ju lugha haikuwa na namna ya kufunga vitu mbalimbali pamoja. Ritchie akaongeza kitu kinachoitwa struct, na mwaka 1973 kazi ikawezekana.

Struct ni kama kifurushi. Ndani yake unaweka jina, namba, na tena anwani ya kifurushi kingine cha namna ile ile. Hapo mnyororo unazaliwa. Fikiria msafara wa malori kati ya Beni na Butembo, kila dereva anajua tu lori lililo mbele yake. Ukitaka kutoa lori la katikati, kwanza dereva wa nyuma aonyeshwe lile atakalofuata. Ukilitoa mbele ya kumwonyesha, nyuma yote imepotea. Na ukilitoa kwenye msafara halafu ukaliacha pembeni, linakula nafasi. Kesho lingine, kesho kutwa lingine, mpaka kumbukumbu inajaa na mashine inasimama.

Ritchie hakuweka polisi kwenye barabara hiyo. C inamwamini anayeandika. Ndiyo maana inakwenda mbio, na ndiyo maana pia inaumiza watu. Hata mnyororo uliotengenezwa tayari haumo katika maktaba yake ya kawaida. Kitabu alichoandika na Brian Kernighan mwaka 1978 kinaonyesha, katika sura ya 6, namna ya kuufunga. Kisha kila mtu anajipigania, na aliyeutengeneza anabaki na kazi ya kuutunza miaka na miaka.

Linux, ambayo ndiyo moyo wa Android, iko na mnyororo wake, na sehemu nyingi sana za mfumo zinautumia. Mwaka 2022 hatari iligunduliwa: ukishapita mnyororo mpaka mwisho, kile kielekezi kinabaki mkononi kikionyesha mahali pasipo na kifurushi cha kweli, na mtu anaweza kukitumia bila kujua. Kanuni ya C ya 1989 haikuruhusu kukifungia ndani ya mzunguko ili kife pamoja nao. Linus Torvalds akakubali Linux ihamie kanuni ya 2011. Kwa ajili ya kitu kidogo hivyo, nyumba nzima ikahama.

Ritchie hakuyaona hayo. Pamoja na Thompson alikuwa amepewa tuzo ya Turing mwaka 1983, na mwaka 2007 akapumzika kazi. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amekufa nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 70. Juma moja tu mbele yake, tarehe 5, alikuwa amekufa Steve Jobs wa Apple, na magazeti ya dunia yalikuwa bado yamejaa picha za huyo. Ritchie alipata nafasi ndogo, ingawa simu za Jobs zenyewe zinatembea juu ya mfumo uliotoka kwenye ukoo wa Unix.