Lavoisier na Mizani Yake

Mtu akichoma mzigo mzima wa kuni, majivu yanayobaki aweza kuyachukua kwa viganja viwili. Je, zile kuni zimekwenda wapi? Zimepotea kabisa, au zipo mahali pengine zisipoonekana? Swali hili ni la kale sana, na wenye elimu wa Ulaya walilijibu kwa namna nyingi, hata alipotokea mtu mmoja akalijibu kwa mizani. Mtu huyo ni Antoine Laurent Lavoisier, Mfaransa, ambaye wengi humwita baba wa elimu ya kemia.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake alikufa mtoto angali na umri wa miaka mitano, naye akalelewa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Akasomeshwa sheria, akafaulu. Lakini moyo wake haukuwa katika mashauri ya watu, bali katika mawe, maji, moto na hewa. Mwaka wa 1768 alipokelewa katika Akademi ya Sayansi ya Paris, naye hajatimiza miaka 25.

Mwaka ule ule alifanya jambo jingine, ambalo baadaye lilimpeleka mautini. Alinunua fungu katika shirika la matajiri waliokodi kwa mfalme haki ya kutoza ushuru. Matajiri wale walimpa mfalme fedha iliyopatanwa, kisha wakawatoza raia ushuru wa chumvi, wa tumbaku, na wa bidhaa zilizoingia mjini. Kilichozidi kilikuwa chao. Wasomaji wa Injili wajua jinsi watoza ushuru walivyochukiwa zamani zile, na Ufaransa mambo yalikuwa yale yale, hasa kwa ajili ya chumvi, maana hata maskini hawezi kuishi bila chumvi. Kwa faida ile Lavoisier alinunua vyombo vya kupimia vilivyo bora kuliko vya wengi wa wakati wake. Mambo haya mawili, ushuru na mizani, hayatenganiki katika maisha yake.

Mwaka wa 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mmoja wa wenzake katika shirika lile. Binti alikuwa na miaka 13 tu. Lakini alikuwa mtu wa akili nyingi: akajifunza kemia, akajifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe vitabu vya Waingereza, akajifunza pia kuchora, na picha za vyombo katika kitabu kikubwa cha mumewe ni kazi ya mkono wake.

Sasa tuone namna alivyofanya kazi. Siku zile wengi waliamini ya kuwa maji yakichemshwa sana hugeuka kuwa udongo, kwa sababu chombo kikichemshiwa maji mara nyingi huonekana vumbi ndani yake. Lavoisier akatwaa chombo cha kioo, akakipima, akatia maji safi aliyokwisha kuyapima, akakiziba kabisa, akayaacha maji yachemke polepole siku 101. Vumbi likaonekana kweli. Akapima tena. Uzito wa vyote pamoja haukubadilika. Akakipima chombo kitupu, akaona kimepungua, na upungufu wake ulikaribia kulingana na uzito wa lile vumbi. Basi vumbi lilitoka katika kioo, wala si katika maji. Watu walikuwa wamebishana juu ya jambo hili vizazi vingi, naye alilimaliza kwa saburi ya siku mia na moja na mizani iliyo sawa.

Ndipo akaugeukia moto. Wenye elimu walifundisha ya kuwa kila kitu kiwakacho kina ndani yake kitu kiitwacho flogistoni, nacho hutoka kitu kikiungua. Kwa kuni fundisho hili lapendeza, maana majivu ni mepesi. Lakini ukichoma risasi au bati mpaka ligeuke kuwa unga, unga ule ni mzito kuliko madini yenyewe. Kitu kitawezaje kutokwa na sehemu yake, kisha kikazidi uzito? Wengi walilijua jambo hili wakalipita tu. Lavoisier hakulipita.

Alitwaa zebaki, akaitia moto siku 12 katika chombo kilichofungiwa hewa ndani yake. Juu ya zebaki ikatokea kutu nyekundu, na hewa ikapungua. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa. Kisha akaikusanya ile kutu nyekundu, punje 45 kwa uzito (punje ni kipimo cha Wafaransa wa siku zile, na ratili moja yao ilikuwa na punje 9,216), akaitia katika moto mkali zaidi. Akapata zebaki punje 41 na nusu, na hewa ambayo ndani yake mshumaa uliwaka kwa mwanga mkali mno. Punje tatu na nusu zilizokosekana ndizo hewa ile. Akaiita oksijeni. Basi kuungua si kutokwa na flogistoni, bali ni kuungana na oksijeni. Zile kuni zetu hazikupotea. Zimeungana na oksijeni zikaenda zake kuwa moshi, mvuke na hewa, na kama tungaliweza kuvikusanya na kuvipima vyote, tungaliona vimezidi uzito wa kuni kwa kadiri ya oksijeni iliyoingia.

Lazima niseme hapa ya kuwa si yeye aliyekuwa wa kwanza kuipata hewa ile. Scheele wa Sweden na Priestley wa Uingereza walimtangulia, naye Priestley alimweleza habari zake walipokula pamoja mjini Paris mwaka wa 1774. Lavoisier hakuwapa sifa iliyowapasa, na jambo hili ni doa katika kazi yake. Hata hivyo wenzake walikuwa na hewa mkononi wasijue maana yake.

Mwaka wa 1789 akatoa kitabu chake kikubwa cha kemia. Ndani yake aliweka orodha ya vitu 33 visivyoweza kugawanywa tena kuwa vitu vingine, ambavyo sisi twaviita elementi. Mwanga na joto aliviweka humo pia, navyo havikustahili kuwamo. Tena alieleza ya kuwa katika kila badiliko, uzito wa vitu kabla na baada ni ule ule. Juu ya neno hili wengine walijenga: miaka michache baada ya kufa kwake, John Dalton wa Manchester alitazama jinsi elementi zinavyoungana kwa uzito ulio na kadiri yake, akafundisha ya kuwa kila elementi ina chembe zake ndogo, yaani atomi.

Vipimo vya Ufaransa navyo vilikuwa fujo tupu, kila wilaya na ratili yake. Aliyewahi kununua mahindi kwa kibaba ajua ubishi unaotokea. Lavoisier akawa mmoja wa waliowekwa kutengeneza vipimo vipya, na mwaka wa 1793, pamoja na Haüy, alipima uzito wa maji safi ili upatikane msingi wa kipimo tunachokiita kilo.

Lakini mapinduzi yalikuwa yamekwisha kuanza mwaka wa 1789, na watu hawakuusahau ushuru, wala ule ukuta uliojengwa kuuzunguka mji wa Paris ili bidhaa zisipite bila kutozwa. Naye Lavoisier ndiye aliyetoa shauri la kuujenga. Mwezi wa Novemba 1793 amri ikatoka wakamatwe watoza ushuru wote. Alijificha siku chache, kisha akajitoa mwenyewe. Walishitakiwa kwa kuidhulumu serikali, na kwa kutia maji katika tumbaku ili izidi uzito. Mimi sioni ya kuwa alistahili kufa, wala hukumu ile haikuwa hukumu ya haki. Wakati wa njaa aliwakopesha watu wa Blois fedha za kununulia nafaka bila riba. Lakini siwezi kusema ya kuwa wale waliomchukia hawakuwa na sababu. Chumvi yao ilikuwa imetozwa kweli, na fedha ile kweli ilinunua vyombo vyake.

Tarehe 8 Mei 1794 walihukumiwa, na siku ile ile wakakatwa vichwa, watu 28. Baba mkwe wake alikuwa wa tatu, Lavoisier wa nne. Alikuwa na miaka 50. Mwili wake ulitupwa katika kaburi la wengi.

Mjane wake alinyang'anywa mali na vyombo, akatiwa gerezani, kisha akafunguliwa. Baadaye serikali ikakiri ya kuwa mumewe alihukumiwa bila haki, ikamrudishia vitu vyake. Yeye akayakusanya maandiko ya mwisho ya Lavoisier, akayatoa kuwa kitabu, akaishi hata mwaka wa 1836. Kazi ya kilo ilimalizwa na wengine mwaka wa 1799, ikafanyizwa kwa platini. Tangu mwaka wa 1889 mataifa yalipima kwa kipande kingine cha madini kilichotunzwa karibu na Paris, mpaka mwaka wa 2019, ambapo wataalamu walikiacha kipande kile wakaifunga kilo katika hesabu ya maumbile isiyobadilika.