Padre Teilhard, mtoto wa nchi ya volkano



Nawaandikia kutoka Bulyaga, hapa Tukuyu, ambako ndizi, chai, viazi na parachichi vyote vinaota kwenye udongo wa majivu ya volkano. Mtu wetu wa leo, Padre Pierre Teilhard de Chardin, naye alizaliwa kwenye nchi ya namna hii: Auvergne, Ufaransa, tarehe 1 Mei 1881, karibu na milima ya moto iliyokwisha kuzimika.

Utotoni alikusanya vipande vya chuma, akiamini chuma hakiharibiki. Siku alipoona kimeota kutu, alilia. Akahamia kwenye mawe, na mawe hakuyaacha tena. Mwaka 1899 akaingia kwa Wajesuiti, 1911 akapata upadrisho, halafu akasomea jiolojia na mabaki ya viumbe vya kale. Vita Kuu ya Kwanza aliipitia akibeba majeruhi kwa machela. Ndugu zake wawili walikufa vitani.

Neno biosfia, yaani tabaka la uhai linaloifunika dunia kama ngozi, lilikuwepo tangu 1875. Miaka ya 1920 mwanasayansi Mrusi, Vladimir Vernadsky, alifundisha Paris kwamba uhai wenyewe unaibadilisha dunia. Teilhard naye aliliona tabaka hilo kama kitu kimoja kinachogeuka chote kwa pamoja. Wengine walimtazama mnyama mmoja mmoja. Yeye alitaka kuiona ngozi yote.

Hebu tazama hewa unayovuta. Zamani sana haikuwa na oksijeni ya kutosha. Vijidudu vya majini viliitoa kidogo kidogo, na kama miaka bilioni 2.4 iliyopita ikaanza kujaa hewani. Viumbe vingine viliumia, na vingine, ukoo wetu humo, vikapata njia. Au njoo kwetu Rungwe: jiwe la volkano linaota madoa ya kijani, mizizi inalipasua, linakuwa udongo, udongo unashika mvua, msitu unasimama, na nyani aina ya kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, anakula matunda humo. Ukikata msitu hujaondoa miti peke yake. Umegusa maji, udongo na huyo kipunji, kwa panga moja.

Sasa, jamani, mambo hayakumwendea vizuri. Maelezo aliyoandika kuhusu dhambi ya asili yalifika Roma, akaondolewa kufundisha Paris, na mwaka 1926 akarudi China. Nasema akarudi kwa sababu 1923 alikuwa ameshafika huko kutafiti. Safari hiyo ya kwanza, katika jangwa la Ordos, alikosa mkate na divai ya Misa. Basi akamtolea Mungu kazi na mateso ya dunia nzima, akiifanya dunia iwe altare yake. Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa huyu padre ulipo, kuliko kwenye nadharia zake zote.

China alishiriki utafiti wa Zhoukoudian, kwenye mabaki ya mtu wa kale wa Beijing. Huko pia aliandika kitabu chake kikubwa kuhusu binadamu ndani ya mageuko. Akaomba ruhusa ya kukichapisha, akanyimwa. Kuna waliomshauri aachane na shirika. Alibaki Mjesuiti na aliendelea kuandika, bila kuchapisha kitabu hicho.

Tusimpambe kupita kiasi. Wanasayansi wengi hawakubali dai lake kwamba mageuko yote yanaelekea kilele kimoja, ambacho yeye alikiona ni Kristo. Na mwaka 1962 Roma ilitoa onyo kwamba maandiko yake yana utata na makosa ya mafundisho. Usomapo, soma na onyo hilo ukiwa nalo.

Alifariki New York tarehe 10 Aprili 1955, Jumapili ya Pasaka. Waliofika kumzika walikuwa wachache sana. Kitabu kilitoka mwaka huohuo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alimtaja katika tanbihi ya waraka wake Laudato si', na Septemba 2023, akiadhimisha Misa Mongolia, si mbali sana na jangwa lile, akawakumbusha watu sala ya padre aliyekosa mkate na divai.