Nyumba ya McMillan na Vibanda vya Vibarua

Mjadala kuhusu ukarabati wa nyumba kuukuu za walowezi katika sehemu za Thika na Ruiru haujapata mwafaka. Wapo wanaotaka zitengenezwe ili ziwavutie watalii. Wapo pia wanaoshikilia kwamba heri ziporomoke, maadamu zilijengwa juu ya ardhi ya wenyeji. Binafsi naafiki zikarabatiwe, ila kwa sharti moja. Ili sharti hilo lieleweke, hatuna budi kuyatazama maisha ya William Northrup McMillan.

McMillan alizaliwa mwaka 1872 mjini St. Louis, Marekani, katika familia yenye mali nyingi. Mwaka 1903 alijaribu kuusafiri kwa mashua mto Naili ya Buluu nchini Ethiopia, lakini mashua zake zikavunjika na safari ikaambulia patupu. Baadaye alihamia huku kwetu, akajipatia maelfu ya ekari na kujenga nyumba kando ya mto katika shamba aliloliita Juja. Jina hilo ndilo lililorithiwa na mji ambao leo unasifika kwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Katika nyumba hiyo alimkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, miezi michache tu baada ya mgeni huyo kung'atuka urais wa Marekani.

Alikuwa mtu wa miraba minne, mkarimu kwa wageni na mwenye sauti kubwa katika siasa. Aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria, baraza ambalo halikuwa na Mwafrika hata mmoja hadi mwaka 1944. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1918 akatunukiwa cheo cha Sir.

Alifariki mwaka 1925 huko Nice, Ufaransa. Maiti yake ilirejeshwa ili izikwe katika kilele cha Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengi wetu twauita Kilimambogo. Mzigo ulikuwa mzito na mteremko mkali, basi akazikwa kabla ya kufika kileleni. Karibu naye wamelazwa mkewe, Lucie, mtumishi wao Louise Decker, na mbwa wao. Mjane huyo ndiye aliyemjengea mumewe maktaba ya ukumbusho jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo.

Msomaji mpendwa, hebu tafakari. Mbwa wa McMillan ana kaburi lijulikanalo. Je, waliochimba misingi ya nyumba zake, waliopika vyakula walivyoandaliwa wageni mashuhuri, na waliobeba kipande shingoni tangu sheria hiyo ilipoanza kutekelezwa mwaka 1920, wamezikwa wapi? Majina yao ni yapi?

Sharti langu basi ni hili: anayeikarabati nyumba ya mlowezi asiishie sebuleni. Aghalabu fundi hupaka rangi ukumbi, hung'arisha sakafu na kuning'iniza picha za mwenye nyumba, huku jiko na vibanda vya vibarua vikiachwa viliwe na mchwa. Ukarabati wa namna hiyo ni uongo uliopigwa lipu. Sheria ya mwaka 2006 ya Makavazi na Turathi inawezesha majengo ya kale kulindwa, na ulinzi huo hauna maana ikiwa utahifadhi nusu ya historia.

Wanaotaka nyumba hizi zibomoke nawaelewa, lakini nawakumbusha kwamba ukuta ukianguka, ushahidi nao huanguka. Atakayeathirika si McMillan, bali mjukuu wa kibarua aliyeufyatua udongo wa ukuta huo.

Walimu wenzangu, tusingoje serikali. Wapo wazee vijijini ambao baba zao walifanya kazi katika mashamba hayo. Tuwatume wanafunzi wakawahoji na kuyaandika majina watakayoyasikia, kabla wazee hao hawajatutoka. Saruji hununuliwa dukani wakati wowote. Kumbukumbu ya mzee haina duka.