Padri Marquette na Majira ya Majani Mekundu

Jacques Marquette alizaliwa mwaka 1637 huko Laon, mji wa Ufaransa uliojengwa juu ya kilima. Alipopata miaka 17 aliingia Shirika la Yezu. Alisoma miaka mingi, akafundisha vijana katika shule za shirika lake, lakini moyo wake ulitamani kupelekwa nchi za mbali. Mwaka 1666 alipewa upadri, na mwaka ule ule akapanda merikebu kwenda Kanada. Tarehe 20 Septemba alishuka katika mji wa Quebec. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Siku zile majira ya vuli yalikuwa yanaanza. Kule Kanada hakuna masika na kiangazi kama katika Kongo. Mwaka una majira manne: majira ya kuchipua, majira ya joto, majira ya vuli, na majira ya baridi. Katika vuli mchana hupungua siku kwa siku, na usiku huleta baridi. Hapo miti hujiandaa kulala. Rangi ya kijani hutoweka katika majani, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa huonekana. Miti mingine hufanya rangi mpya, nyekundu kama damu. Mwisho jani hukatika mahali liliposhikana na tawi, likaanguka. Kwa muda wa majuma machache msitu mzima hung'aa kama unawaka moto, wala hauteketei. Mmoja wa miti inayogeuka hivyo ni ule ambao maji yake hupikwa kuwa sukari.

Wenyeji wa nchi ile walipenda uzuri huo, lakini walijua pia maana yake. Majani yakiisha kuanguka, theluji itakuja. Mito na maziwa yataganda, na mtumbwi hautaweza kupita tena. Mtu asiyeweka akiba wakati wa vuli atalia njaa wakati wa baridi. Kwa hiyo majira hayo yalikuwa ya furaha na ya haraka pamoja.

Padri Marquette hakukaa sana mjini. Tarehe 10 Oktoba alipanda mto kwenda Trois-Rivières, akajifunza lugha za wenyeji kwa Padri Gabriel Druillettes, mzee aliyewajua sana. Hakuona haya kukosea na kusahihishwa kama mtoto wa shule. Baadaye aliweza kusema lugha sita. Aliona kwamba mtu asiyejua lugha ya watu hawezi kujua furaha yao wala huzuni yao.

Mwaka 1668 alitumwa kwenye Maziwa Makubwa. Maziwa hayo ni matano, na ni kama bahari. Moja lao, Ziwa Michigan, si refu kama Tanganyika, lakini ni pana zaidi, hata eneo lake linapita kilometa za mraba 57,000. Watu walisafiri huko kwa mitumbwi iliyotengenezwa kwa gome jeupe la mti. Mtumbwi huo ni mwepesi. Watu wanaweza kuuchukua mabegani kutoka mto hata mto.

Tarehe 13 Septemba 1669 Padri alifika kwenye misioni moja ya Ziwa Superior. Ilikuwa vuli tena. Aliwakuta Wahuroni na Waotawa katika mashamba yao ya mahindi. Wahuroni wale walikuwa wakimbizi. Mwaka 1649 adui zao Wairokwoi walikuwa wameiharibu nchi yao, nao wakatangatanga toka ziwa hata ziwa. Watu wa namna hii hawachezi na mavuno. Kila suke la mahindi lilikuwa uzima wa mtoto.

Mwaka 1671 vita vikawafukuza tena. Padri Marquette akahama pamoja nao, hata mahali ambapo Ziwa Michigan na Ziwa Huron hukutana. Huko wakajenga kanisa dogo la miti, wakaliita Mtakatifu Inyasi. Wakalima mashamba mapya. Mwaka uliofuata mavuno yakawa mema, na maboga yakajaa nyumba zote.

Wahuroni walikuwa na desturi ya kufanya karamu wakati wa kuvuna maboga. Watu walialikana, wakala pamoja, wakafurahi. Padri Marquette alialikwa, akaenda kwa moyo mweupe. Aliketi kati yao, akala chakula chao, akawaambia wamshukuru Mungu aliyewapa chakula tele, wakati watu wengine walikuwa wanaona njaa. Hakukubali kila jambo la kwao. Aliwaeleza waziwazi kwamba ni vibaya mtu kuongozwa na ndoto. Lakini karamu ya mavuno hakuikataza. Aliona kwamba kufurahia mazao ya nchi pamoja na jirani ni jambo jema, nayo shukrani ni mlango wa sala.

Tarehe 8 Desemba 1672 mtumbwi mmoja ulifika Mtakatifu Inyasi. Alikuwamo Louis Jolliet, kijana mzaliwa wa Kanada. Alileta amri ya wakubwa: yeye na Padri Marquette waende kutafuta mto mkubwa ambao wenyeji waliuita Mississippi. Padri alifurahi sana. Wailinoi, watu wa upande ule wa mbali, walikuwa wamekwisha kumweleza habari za mto huo, na mmoja wa vijana wao alikuwa amemfundisha lugha yao.

Waliondoka tarehe 17 Mei 1673, watu saba katika mitumbwi miwili. Kwanza walifika kwa Wamenomini. Jina hilo maana yake ni watu wa mpunga wa mwitu. Mpunga huo haupandwi na mtu. Huota wenyewe katika mito midogo yenye tope na katika mabwawa. Padri Marquette aliuandika vizuri katika habari za safari yake, na kwa sababu hiyo tunajua jinsi walivyouvuna wakati wake.

Mwezi wa Septemba watu waliingia kati ya mpunga na mitumbwi yao. Waliyatikisa masuke huku na huku, na punje zikaangukia ndani ya mtumbwi. Halafu waliutandaza mpunga juu ya chanja, wakauacha siku kadhaa juu ya moto mdogo upate kukauka. Kisha waliutia katika mfuko wa ngozi, wakauweka mfuko katika shimo, wakaukanyaga kwa miguu hata maganda yakatoka. Mwisho waliupepeta. Wengine waliutwanga kuwa unga, na wengine waliupika mzima kwa maji na mafuta. Padri aliula, akauona mtamu.

Wamenomini walimpenda, wakajaribu kumzuia asiendelee. Walimwambia kwamba njiani kuna watu wakali, na mtoni kuna mnyama wa kutisha. Padri aliwashukuru kwa shauri lao, lakini akaendelea. Tarehe 17 Juni mitumbwi iliingia katika Mississippi. Siku chache baadaye walikuta nyayo za watu katika mchanga. Zilikuwa nyayo za Wailinoi. Wazee wao waliwapokea kwa heshima, wakampa Padri kiko cha amani, kitu cha thamani kuliko vyote kwao. Wasafiri wakateremka mto hata nchi ya Arkansas, kisha wakarudi.

Katika kurudi walipita kijiji kingine cha Wailinoi, jina lake Kaskaskia. Kilikuwa na nyumba 74. Watu wa kijiji wakamwomba Padri Marquette arudi kuwafundisha. Naye akawaahidi kwamba atarudi.

Mwisho wa Septemba walifika kwenye misioni ya ghuba ya Green Bay. Walikuwa wamesafiri karibu kilometa 4,000. Ulikuwa wakati wa mpunga wa mwitu, na bata wa porini hushuka kwa wingi mno kuula. Lakini Padri Marquette hakuweza kufanya kazi. Alikuwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alilala mgonjwa majira ya baridi, majira ya kuchipua, na majira ya joto. Ahadi yake ilikaa moyoni kama deni.

Mwezi wa Septemba 1674 akapata nafuu. Akaandika kwa wakubwa wake, nao wakamruhusu kwenda. Ilikuwa vuli imeendelea sana. Mtu mwenye afya angeweza kungoja mwaka mwingine. Lakini Wailinoi walikuwa wanamngoja tangu mwaka mzima, na Padri hakujua kama atapewa mwaka mwingine. Tarehe 25 Oktoba akaondoka pamoja na Wafaransa wawili, Pierre na Jacques. Mitumbwi ya Wapotawatomi na ya Wailinoi ikafuatana nao.

Walishika pwani ya magharibi ya Ziwa Michigan. Siku ya Watakatifu Wote alisoma Misa, kisha wakaendelea. Mara nyingine upepo ulikuwa mzuri. Mara nyingine mawimbi yaliwazuia siku nyingi pwani. Sasa vuli ilikuwa inawaponyoka. Mwezi wa Novemba theluji ikaanguka, na ugonjwa wa Padri ukarudi. Tarehe 4 Desemba walifika penye mto wa Chicago, ambapo leo upo mji mkubwa sana. Mto ulikuwa umeganda. Hawakuweza kwenda mbele.

Basi wakajenga kibanda, wakakaa humo wakati wa baridi. Wenzake waliwinda paa na bata mzinga wa mwitu. Padri alisoma Misa kila alipoweza kusimama. Mwezi wa Januari 1675 Wailinoi walisikia kwamba Padri wao yu mgonjwa njiani. Wakamtumia wajumbe wenye mahindi, nyama kavu, na maboga. Miaka ya nyuma Padri alikuwa amekula maboga ya Wahuroni katika siku ya karamu. Sasa alikula maboga ya Wailinoi katika siku ya taabu. Wajumbe walimwomba baruti, akawakatalia. Aliwaeleza kwamba amekuja kuwafundisha na kuleta amani, wala hataki waanze vita na jirani zao. Akawaambia atajitahidi kufika majira ya kuchipua.

Wakafanya novena kwa heshima ya Bikira Maria. Padri akapata nguvu kidogo. Mwisho wa Machi barafu ikapasuka, na mto ukafurika hata kibanda. Wakapanda mtumbwi, na mwezi wa Aprili wakafika Kaskaskia.

Alhamisi Kuu Padri aliwakusanya watu katika uwanja wa majani. Wazee 500 waliketi duara, na vijana 1,500 walisimama nyuma yao. Tena wanawake na watoto walikuwako wengi. Padri alitundika picha za Bikira Maria, akawaeleza habari za Yezu Kristu na mateso yake msalabani. Tarehe 14 Aprili, siku ya Pasaka, akasoma Misa mbele yao. Ahadi yake ilikuwa imetimizwa.

Nguvu zake zikaisha. Alitaka kurudi Mtakatifu Inyasi, na wenzake wawili wakampeleka kwa mtumbwi kando ya pwani ya mashariki ya ziwa. Tarehe 18 Mei 1675 akafa hapo pwani, hajafikisha miaka 38. Pierre na Jacques wakamzika, wakasimamisha msalaba juu ya kaburi.

Miaka miwili baadaye Waotawa aliowafundisha walipita pwani ile. Kufuatana na desturi yao ya kuwaheshimu wapendwa, wakafukua mifupa yake, wakaiosha, wakaiweka katika sanduku la gome jeupe. Mitumbwi karibu 30 ikamsindikiza hata Mtakatifu Inyasi. Huko akazikwa ndani ya kanisa dogo mwezi wa Juni 1677. Padri alikuwa ameheshimu desturi njema za watu, nao wakamzika kwa desturi yao.

Ahadi ni deni, wasema wazee. Padri Marquette alilipa deni lake kwa uhai wake. Hata leo kuna mto na mji wenye jina lake katika nchi ile. Na kila mwaka, majani yanapoanza kugeuka, wajukuu wa watu wale huingia mabwawani na mitumbwi yao kuvuna mpunga wa mwitu.